Tuktuk ya mjomba juu ya trela

Najua nimepotea, na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama bado nipo. Nipo. Niliahidi kuendelea na mfululizo wa hifadhidata na namna ya kuweka chelezo, na ahadi ni deni, nitalilipa. Leo lakini naomba mnivumilie. Nataka kuandika juu ya tuktuk, trela na kamba, na juu ya dakika moja ya barabarani ambayo ikinijia usiku huwa sipati usingizi upesi.

Kwa wale walio mbali: tuktuk ni kile chombo cha magurudumu matatu chenye kibanda, ambacho ndugu zetu Watanzania wanakiita bajaji. Asili yake ni skuta hasa. Kampuni ya Piaggio ya Italia ilitoa Vespa mwaka 1946, na miaka miwili baadaye ikatoa Ape, ambayo ilikuwa ni Vespa iliyoongezwa gurudumu la tatu na mahali pa kuweka mzigo. Kwa Kiitaliano Vespa ni nyigu, Ape ni nyuki. Siwaambii haya kwa kujionyesha. Umbo hilo la skuta ndilo lililotutesa: gurudumu moja mbele, mawili nyuma, na katika hizi tuktuk za abiria tunazozijua hapa Kenya, injini iko nyuma kabisa, mgongoni mwa abiria.

Sasa kisa chenyewe. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa dereva wa hoteli moja kule Mombasa. Corona ilipokuja mwaka 2020 hoteli ikapunguza watu, naye akapunguzwa. Akarudi nyumbani Mwatate na kiinua mgongo kidogo, akahangaika na vibarua miaka miwili. Mwishoni mwa 2022 tukakaa kama ukoo tukachanga. Mama alitoa, mimi nikatoa, yeye mwenyewe akakopa kwenye chama chake, tukapata pesa za kununua tuktuk iliyotumika. Iliuzwa Mombasa, mtaa wa Tudor. Nilienda kuikagua pamoja naye kwa sababu, eti, mimi ndiye "mtu wa mashine". Mjomba haelewi tofauti kati ya mtu wa kompyuta na makanika, na mimi siku hiyo sikumsahihisha.

Swali likawa: inafikaje Mwatate? Kutoka Mombasa mpaka Voi ni kama kilomita 150, halafu unakata kushoto barabara ya Taveta kilomita nyingine 25 hivi. Mjomba alitaka kuiendesha. Nikamkatalia. Barabara ile imejaa malori ya bandarini mchana na usiku, na tuktuk ikipitwa na lori la makontena inayumba kama karatasi. Nikamwambia, mjomba, tuibebe. Jirani yangu ana pikapu na trela ndogo ya ekseli moja anayobebea nyasi za ng'ombe. Tukaiazima Jumamosi asubuhi.

Kuifunga nikaifunga mimi. Naomba mlisome vizuri hilo, kwa sababu huko mbele hakuna mtu mwingine wa kulaumiwa. Tuliipandisha kwa mbao mbili, mbele ikitazama mbele, nikavuta breki ya mkono, nikachukua kamba ya nailoni nikaipitisha juu ya paa mara mbili, nikaifunga kwenye vyuma vya ubavuni mwa trela. Kamba nyingine nikaizungusha kwenye usukani. Kisha nikasimama pembeni nikaisukuma kwa mikono miwili. Haikutikisika. Mjomba aliuliza, "Mpwa wangu, hii itafika?" Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Mjomba, hii hata ukiigeuza juu chini haitoki."

Tukaondoka. Changamwe, Miritini, Mazeras, tukapita Mariakani. Trela ilikuwa inacheza mkia kidogo kila nikifika mwendo wa 70, nikadhani ni upepo. Samburu tukasimama tukanunua maji na sikushuka hata kuangalia nyuma. Taru tukapita. Tulipokaribia Mackinnon Road nikapunguza mwendo kwa ajili ya matuta. Tuta la kwanza salama. Tuta la pili nikasikia mlio kama fimbo imevunjwa, halafu honi, halafu mjomba akapiga kelele jina la Mungu.

Kamba ya juu ilikuwa imekatika. Tuktuk ilirushwa na tuta, gurudumu la mbele likakata kona lenyewe, na chombo kizima kikalalia upande wa kushoto, paa likitokeza nje ya trela. Upande huo huo wa kushoto, kwenye kokoto za pembeni, alikuwa anapita bodaboda aliyetaka kutuwahi kwenye tuta. Amembeba binti yake nyuma, mtoto wa miaka saba au minane. Yule baba alilikwepa paa la tuktuk kwa upana wa kiganja, akaingia kwenye vichaka, pikipiki ikaanguka.

Nilishuka miguu ikitetemeka. Mtoto alikuwa amekaa chini, kiatu kimoja kimemtoka, analia, lakini mzima. Baba yake alichubuka goti na kiwiko, kioo cha pikipiki kilivunjika. Hakunitukana. Ningependelea anitukane. Alimwinua mtoto, akamfuta vumbi, akanitazama akauliza, "Nani alifunga huu mzigo?" Mjomba alianza kusema "sisi", nikamkatiza nikasema ni mimi. Akasema, "Basi Mungu amekuonea huruma wewe kuliko mimi." Tulimpeleka yeye na mtoto zahanati, tukalipa dawa na kioo, tukaachiana namba za simu.

Wasafiri wa barabara hiyo mnaijua Mackinnon Road. Pale kando ya reli kuna msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, na madereva wengi, hata wasio Waislamu, husimama wakaombea safari. Kwa hiyo malori hayakosekani. Tuliporudi kwenye trela, utingo wa lori moja alikuwa ameshaizunguka tuktuk yetu mara tatu, msuaki mdomoni, anaitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyecheleweshwa. Kijana wa miaka ishirini na kitu tu. Akasema maneno ambayo sijayasahau: "Mmefunga kanzu, mwenye kanzu mmemwacha."

Maana yake ilikuwa hivi. Paa la tuktuk ni turubai juu ya mabomba membamba. Hata ukifunga kwenye bodi lenyewe, bodi linakaa juu ya springi. Ukipita tuta, mzigo unabonyea, kamba inalegea, halafu springi inarudi juu kwa nguvu na kuikuta kamba imelegea. Hapo kamba haivutwi tena, inapigwa. Kila tuta ni nyundo moja. Nimeisukuma uwanjani kwa mikono na haikutikisika kwa sababu uwanjani hakuna anayeibonyeza springi.

Yule kijana alituazima muda wake karibu saa nzima, na kwa pesa kidogo akatuuzia mikanda minne ile mipana yenye mkono wa chuma wa kukazia, madereva wanaita racheti. Haya ndiyo aliyotufundisha, nayaandika kwa mpangilio ili anayetaka achapishe akae nayo:

1. Funga magurudumu, bodi liache lipumue. Mkanda upite kwenye mkono unaoshika gurudumu au kwenye rimu yenyewe. Gurudumu likishikwa chini halina pa kwenda, na springi itacheza inavyotaka juu yake bila kuulegeza mkanda.

2. Nyuma mikanda miwili, kila mmoja unavuta kwenda nyuma na nje, kila gurudumu upande wake. Mbele miwili, kutoka kwenye mkono wa gurudumu la mbele, mmoja kulia na mmoja kushoto, inavuta kwenda mbele. Hivyo mzigo unavutwa pande nne, na kila mkanda una mwenzake wa kupingana naye. Usukani usifungwe hata kidogo, maana usukani unazunguka na kamba inauzungusha.

3. Kabari za mbao mbele na nyuma ya kila gurudumu, zipigiliwe misumari sakafuni kama sakafu ya trela ni ya mbao. Gurudumu la mbele liwekewe na mbao mbili za ubavuni, lisikate kona. Breki ya mkono vuta, lakini usiitegemee. Ni kebo tu, nayo hulegea.

4. Mkanda ukipita kwenye ukingo mkali wa chuma, weka kipande cha tairi kuukuu katikati. Kamba yangu ilikatikia hapo hasa, kwenye ukingo wa ubavu wa trela. Ilisagwa kidogo kidogo tangu Mazeras.

5. Mkanda mrefu usokote mara moja kabla ya kuufunga. Ukiwa umelala bapa upepo unaupiga ukatetemeka njia nzima, na kutetemeka kunalegeza.

6. Funga koki ya petroli. Mapazia ya pembeni yakunje uyafunge, la sivyo upepo unaingia kibandani na kulifanya turubai tanga la jahazi.

7. Simama baada ya kilomita kumi hivi, kaza tena. Halafu kila ukisimama kunywa chai, kaza tena. Mikanda yote hulegea mwanzoni mzigo unapojikalia.

Kuna la nane, na hili lilinishangaza zaidi. Aliniuliza trela ilikuwa inacheza mkia? Nikashtuka, nikasema ndiyo. Akacheka kwa mara ya kwanza. Injini iko nyuma, na mimi niliipandisha ikitazama mbele, tena nikaiacha karibu na mlango wa nyuma ili iwe rahisi kuishusha. Kwa hiyo uzito wote ulikuwa nyuma ya ekseli ya trela, na pale trela inaposhikana na pikapu palikuwa panainuliwa juu badala ya kukandamizwa chini. Trela ya namna hiyo huanza kupunga mkia, na ukiongeza mwendo kupunga kunazidi mpaka trela inaivuta gari. Kanuni inayotumika sana ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela na mzigo wake ikae pale mbele kwenye kishikio. Basi tukaishusha tuktuk, tukaipandisha kinyumenyume, injini ikawa mbele ya ekseli. Na kwa kuwa sasa upepo ungelipiga turubai kutoka mgongoni, tukalivua turubai lote tukalikunja ndani.

Nilipofika nyumbani, kama mnavyonijua, nilikaa nikapiga hesabu niliyotakiwa kuipiga kabla. Kanuni za kufunga mizigo za Ulaya na za Marekani zinakubaliana hapa: mzigo ufungwe uweze kustahimili msukumo wa kwenda mbele sawa na asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 kwa ubavuni na kwa nyuma. Asilimia 80 ni za ile breki ya ghafla mtoto au ng'ombe anapokatiza. Chukulia tuktuk ina kilo 350. Mbele unahitaji kuzuia kilo 280, ubavuni 175.

Mkanda mmoja wa racheti wa aina tuliyonunua umeandikwa kilo 500. Hiyo ni namba ya kazi, siyo ya kukatika, na ndiyo ya kuangalia kwenye kitambulisho kilichoshonwa. Lakini mkanda haufanyi kazi yote upande unaoutaka. Ukishuka kwa nyuzi 45 unabaki na kama asilimia 70 ya nguvu kwa ulalo, na ukienda pia kwa nje nyuzi 45 unachukua asilimia 70 ya hiyo iliyobaki. Ni kama nusu. Kilo 250 kwa kila mkanda, miwili ya nyuma ikizuia mzigo usiende mbele ni kilo 500. Tulihitaji 280. Imetosha, kabla hata sijahesabu kabari.

Sasa hesabu kamba yangu. Haikuwa na namba yoyote, na nailoni inavutika kama mpira, ndiyo maana wanaopanda milima huipenda na wanaofunga mizigo huikwepa. Ilikuwa imepita juu ya paa, yaani inakandamiza chini tu. Kuzuia mzigo usiende mbele ilikuwa inategemea msuguano wa matairi matatu na sakafu yenye vumbi la nyasi. Kwa ufupi, kwa upande wa mbele nilikuwa sijaifunga kabisa. Nilikuwa nimeipamba.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mtu ambaye kazini hataki hata mstari mmoja uende kwa wateja bila majaribio alifanya hivi. Jibu lililo la kweli halinifurahishi. Kazini nimeshapigwa. Nimeshawahi kufuta jedwali la wateja saa tisa usiku, nimeshasema "kwenye mashine yangu inafanya kazi" mbele ya bosi, kwa hiyo huko nimekuwa mwoga, na woga huo ndio watu wanauita uzoefu. Kwenye trela sikuwa nimepigwa bado. Nikauchukua ule ujasiri wa kompyuta nikaupeleka mahali ambapo sikuwa na haki nao, na kile kisukumo cha mikono miwili nikakiita jaribio. Mjomba aliuliza swali sahihi. "Hii itafika?" Ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule, nami nikalijibu kwa mzaha.

Tofauti nyingine ni hii: seva ikianguka unairudisha kutoka kwenye chelezo. Yule mtoto hakuwa na chelezo.

Tuliondoka Mackinnon Road saa kumi jioni. Baada ya kilomita kumi nikasimama, nikakaza, na kweli mikanda miwili ilikuwa imelegea. Maungu nikasimama tena. Voi tena. Trela haikucheza mkia hata mara moja. Mjomba hakusema mengi njiani. Tulipokata barabara ya Taveta, mashamba ya mkonge yakianza kuonekana gizani, akasema, "Mpwa wangu, kesho usimwambie mama yako." Sikumwambia. Mama, kama unasoma hapa, basi leo umejua, na pole.

Tuktuk inafanya kazi mpaka leo kati ya soko la Mwatate na vijiji vya juu. Mkopo wa chama ulikwisha mwaka 2024. Ile mikanda minne mjomba alikataa kunirudishia. Iko chini ya kiti cha nyuma, na amewahi kuwafundisha vijana wawili wa stendi kufunga pikipiki kwenye pikapu. Kila akifundisha anasema "msifunge kanzu" na hawaelewi mpaka aeleze.

Yule bwana wa bodaboda huwa nampigia simu mara moja moja. Mara ya kwanza nilijiandaa kuomba msamaha kwa hotuba ndefu, akanikata akasema niongee na binti mwenyewe. Binti aliniuliza kama ile tuktuk ilifika. Nikamwambia ilifika. Akasema sawa, akampa baba yake simu.

Haya ndugu zangu, hiyo ndiyo iliyonikalia rohoni. Wiki ijayo tunarudi kwenye chelezo kama nilivyoahidi. Na kama kuna dereva au utingo anayesoma hapa na ameona kosa katika ile orodha ya juu, tafadhali aniandikie, nitarekebisha siku hiyo hiyo. Kuna mtu anaweza kuichapisha kesho asubuhi na kwenda nayo barabarani.